Mlango Unaongoja Utepe

Langas, Eldoret

Baba Wekesa,

Kwanza keti. Kama umeipokea hii karatasi na umesimama nayo uwanjani, rudi ndani, vaa miwani, keti. Mimi ni mzima. Jino linanisumbua lakini ni lile lile, na baridi ya huku unaijua, inaingia mpaka kwa mfupa. Nataka kusikia habari yako. Kifua kimepungua? Ile dawa unakunywa, ama unaificha chini ya mto kama mwaka jana? Ng'ombe amezaa? Na nani anakupikia? Usiniambie ni wewe mwenyewe, ugali wako naujua.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu na masikio yako wameachana. Juzi nilipiga kelele mpaka majirani wa ploti wakatoka nje wakidhani tumeingiliwa na wezi, na wewe unanijibu, "Ndiyo, mvua imenyesha." Mimi sikuwa nimekuuliza mvua. Anayeandika ni Chebet, mke wa mtoto wetu. Kalamu mimi sikufundishwa, na yeye Kibukusu bado kinampiga chenga, kwa hivyo tumekutana kwa Kiswahili. Nimemwambia aandike vile ninasema. Akipunguza nitajua, maana nitamwambia anisomee yote.

Sasa maneno yenyewe. Wekesa ametuambia kwamba mtoto wa katekista alikuonyesha video kwa simu yake, mama mzee anang'oa waya ya spika mbele ya umati. Ni mimi. Sisumbuki kukana, hicho kitambaa cha kichwa ulininunulia wewe. Na Wekesa anasema umesema nimeharibu jina lako, nifunge mzigo nirudi, mahindi hayatajipanda. Nisikilize mpaka mwisho, halafu ukasirike ukitaka.

Nilikuja huku kwa sababu ya Manu, mjukuu wako. Wewe ulimwona mara ya mwisho akiwa bado anabebwa mgongoni, kwa hivyo ukisema "hako katoto kakaidi", unasema juu ya mtu usiyemjua. Sasa ni kijana mrefu, ana masikio yako. Hasemi. Daktari wa hospitali kubwa alituambia inaitwa usonji, na kwamba si ugonjwa wa kutibiwa ukaisha, ni vile kichwa chake kimeumbwa. Akikutana na mtu mpya, anamnusa mkono wa nguo kwanza, kisha anaamua. Anapanga vifuniko vya soda ukutani kutoka mlangoni mpaka dirishani, na ukisogeza kimoja utajua umesogeza. Na kelele inamuuma. Si kwamba haipendi. Inamuuma vile wewe unaumwa jicho likiingia sabuni. Ndiyo maana hajaletwa nyumbani tena. Wengine wanasema Kimilili si mbali. Jaribu kukaa kwa gari na mtoto anayesikia injini kama kisu, halafu uniambie ni karibu.

Wekesa yuko barabarani na lori lake, anaijua Malaba na Mombasa kuliko anavyoijua hii nyumba. Chebet anauza mitumba sokoni. Msichana wa kazi wa kwanza alikaa mpaka Jumapili akasema anaenda kanisani, hajarudi hadi leo. Wa pili alitoroka akaacha hata viatu. Chebet akawa anafunga kibanda siku za soko, na wateja hawangojei mtu. Hapo ndipo nilisema nije kidogo. Hicho kidogo kimekuwa kirefu, najua. Lakini mimi sikukimbia bwana wangu. Nilikuja kushika mtoto wa mtoto wako, na hakuna mwingine wa kumshika nikimwachilia.

Usifikiri hatukutafuta msaada. Huku wanasema, "Msaada uko, mama, mkitafuta." Hospitali walimpima vizuri, daktari alikuwa na heshima, kisha akatuambia tumpeleke kwa wanaomfundisha kuongea. Tukauliza, wako wapi? Akaandika jina la mahali Elgon View. Tulienda. Ni pazuri, Baba Wekesa, watoto wana bembea ndani ya nyumba. Tukaangalia kupitia dirisha tukarudi, kwa sababu hapo wanaletwa watoto wa watu wenye magari. Kanisani wazee walimwombea mpaka akakojoa kwa woga, kisha mama mmoja wa kupanga viti akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, labda mkae naye nje, anasumbua ibada." Mtoto hakuwa anapiga kelele. Alikuwa anavuma kama nyuki, kidogo tu, hivyo ndivyo anavyojituliza. Nikamwambia kwaya yake inasumbua zaidi na hakuna mtu ameitoa nje. Chebet anasema nisiandike hiyo. Andika, Chebet.

Aliyetusaidia ni mfereji wa maji. Siku moja natega jerikeni, nasikia kwa ploti ya nyuma sauti ya mtoto, sauti ninayoijua, kama ya Manu akikasirika. Nikaweka jerikeni chini, nikaenda nikagonga. Akafungua mama mmoja, anauza githeri kwa barabara, anaitwa Mama Precious. Amesimama mlangoni amejaza nafasi yote ili nisione ndani.

"Unataka nini, Shosho?" Huku wananiita Shosho kama bibi wa Kikuyu, nimezoea.

"Nataka kumwona huyo."

"Nani?"

"Huyo unayemficha. Mimi pia niko na wangu."

Alinitazama, akalia papo hapo kizingitini, na githeri ikaungua. Alikuwa anamfungia Precious ndani tangu azaliwe, kwa sababu mama mkwe alisema ni laana kutoka upande wake. Yeye akajua mwingine, huyo akajua mwingine, mpaka sebule ya Chebet ikajaa wamama na watoto wa aina yetu. Tukaanzisha chama. Wengine wanachanga pesa, sisi tunachanga masaa. Zamu ya mama fulani ikifika, wengine tunamshikia mtoto, yeye aende anapotaka, asiulizwe chochote. Mmoja alienda saluni, akalala chini ya ile mashine ya kukausha nywele mpaka wakafunga, hakuna aliyekuwa na roho ya kumwamsha. Chebet zamu yake ikifika anaenda kuuza, hajui kupumzika. Andika hiyo pia.

Lakini masaa hayatoshi. Watoto wanakua, wanatuzidi nguvu, na hawajifunzi kitu. Tukaenda kwa hedimasta wa shule ya msingi hapa karibu. Alitusikiliza, akasema kuna stoo ya zamani, na serikali imemletea mwalimu aliyesomea watoto kama hawa, Mwalimu Jepkosgei, lakini hana pahali pa kumweka. Mama Precious naye anamjua mwanamke tajiri wa Elgon View, ana duka la mabati na saruji mjini, sote tunamwita Madam. Madam akakubali kututengenezea hiyo stoo iwe darasa. Na alifanya, nisimnyime haki yake. Akaweka paa jipya, akapaka rangi ya maziwa, akaleta magodoro madogo, pazia, na kona ya kujificha mtoto akizidiwa. Nilipoiona nikashika ukuta. Nilijiambia, mlango huu ukifunguliwa Jumatatu, Ijumaa mimi niko Kimilili kwa mzee wangu. Chebet alikuwa ameshaanza kunikunjia nguo.

Ndipo tukafanya ujinga. Na uelewe ni sisi, si Madam. Sisi wamama tulikaa kupanga siku ya kufungua, na wewe unatujua Wakenya, wakikutana watatu lazima mmoja awe mwenyekiti na mwingine aulizie tenti. Tukataka tenti. Tukataka kwaya. Mtu akauliza, "Na spika?" Mama Precious akasema sherehe bila spika ni matanga. Tukapiga kura, mikono yote ikaenda juu, na wangu ulikuwemo. Sisi hao hao ambao nyumbani tunazima redio mtoto akiingia! Hakuna hata mmoja aliyefikiria. Tulikuwa tunafikiria vile majirani waliotucheka watatuona.

Siku ikafika. Spika zenyewe zina urefu wa kabati, na tumewapanga watoto mbele kabisa, kwa viti vya heshima, kando yazo. Kijana wa muziki akawasha kujaribu. Kwanza Precious aliruka akakimbia kwenye geti. Mwingine akaingia chini ya meza ya keki. Mwingine anajiuma mkono. Madam ameshafika, ameshika maiki, anasoma hotuba kwa karatasi, anasema watoto hawa ni baraka, na sauti yake inatoka kwa yale makabati kama radi. Mshereheshaji anatupigia kelele, "Wamama, shikeni watoto wenu, mgeni rasmi anaongea!"

Nikamwendea kijana wa muziki. "Punguza."

"Shosho, hii ndiyo nimepunguza."

"Basi zima."

"Siwezi kumzimia Madam, Shosho. Nitafutwa."

Nikageuka kumtafuta Manu. Alikuwa anapiga kichwa kwa nguzo ya tenti. Na Chebet alikuwa ameweka mikono yake katikati, nyuma ya mkono kwa nguzo, kichwa cha mtoto kinagonga viganja, na ngozi ya vidole vyake imechunika inatoa damu, na yeye hasogei, anangoja hotuba iishe kwa sababu mgeni hakatizwi.

Hapa Chebet ameweka kalamu chini kidogo. Sawa. Ameichukua.

Baba Wekesa, mimi sikufikiria jina lako wala langu. Nilifuata ile waya nyeusi kutoka kwa spika mpaka kwa jenereta, nikaishika kwa mikono miwili, nikaing'oa. Kukawa kimya. Unasikia mbuzi wa jirani. Madam bado mdomo unaenda lakini hakuna kitu kinatoka. Watu wakatoa simu, na ndiyo hiyo video mliangalia huko. Haikuonyesha nguzo, si ndiyo? Haikuonyesha mikono ya Chebet. Ilionyesha mama mzee mwenye hasira.

Madam alikunja karatasi yake, akaingia kwa gari, akaenda. Mkasi ukabaki juu ya mto mwekundu. Utepe ukabaki mlangoni, haujakatwa.

Na tangu siku hiyo mlango umefungwa. Mwalimu yuko, magodoro yako, paa liko, na kuna kufuli. Nilienda kwa hedimasta.

Akaniambia, "Mama, siwezi kufungua kitu ambacho hakijafunguliwa."

"Sasa kinafunguliwaje?"

"Na yule aliyekijenga. Rasmi."

"Ufunguo uko na nani?"

"Uko na mimi."

"Basi?"

"Mama, nielewe tu."

Sikumwelewa, na sasa hivi bado. Tukichungulia dirishani tunaona paka wa shule amejipatia njia juu ya paa, analala kwa godoro la Manu. Paka hakuhitaji mgeni rasmi. Mwalimu Jepkosgei wamempa hesabu za darasa la nne afundishe wakati anangoja, na alisomea hii kazi yetu miaka.

Mama Precious akaja na wenzake wawili. "Shosho, twende tukaombe msamaha."

"Nani amekosa?"

"Wewe."

"Kwa kung'oa waya?"

"Kwa kung'oa waya Madam akiwa katikati ya kusema."

"Angekuwa karibu kumaliza ningengoja."

"Shosho! Unataka mlango ama unataka kushinda?"

Hapo alinipata. Nilivaa nguo yangu ya kanisa, nikaenda Elgon View na Mama Precious, na Manu pia, kwa sababu Chebet alikuwa sokoni na sikuwa na wa kumwachia. Mlinzi wa geti akauliza kama tunatarajiwa. Manu akamnusa mkono wa koti, akampenda, akasimama kando yake kama wameandikwa kazi pamoja. Akatufungulia akicheka.

Madam alitupa chai na mandazi. Si mtu mbaya, ningependa awe mbaya ingekuwa rahisi. Akaniambia, "Mama, niliandika ile hotuba wiki nzima. Niliwaalika marafiki zangu. Umenifanya nichekwe mji mzima."

Nikamwambia, "Mwanangu, kwa hiyo aibu, pole. Inatoka moyoni. Sikukuja pale kukuvunjia heshima, na ile spika tuliikodi sisi, si wewe. Lakini kwa waya siombi msamaha, kwa sababu wakiwasha tena nitaing'oa tena." Mama Precious akanifinya paja mpaka leo pana alama.

Madam akaweka kikombe chini. Halafu akasema amesamehe. Nikafurahi, nikasema basi hedimasta afungue kesho. Akasema hapana, darasa lifunguliwe vizuri, hataki kazi yake ifunguliwe kimya kimya kama duka la kuuza makaa. Atakuja mwenyewe, bila spika, ameelewa. Lini? Anasafiri kwa binti yake ng'ambo, akirudi ana harusi ya mtoto wa dada yake, baadaye ataangalia. Nikamwambia watoto wanangoja. Akasema, "Wamengoja miaka, mama, hawatashindwa na miezi." Alisema kwa upole, ananiongezea sukari. Nilirudi nimekasirika kuliko nilivyoenda, Baba Wekesa. Mtu mbaya ungemtukana ukatulia. Huyu unamwambia asante kwa chai.

Basi nikawaambia wenzangu hatungoji nyumbani. Kila asubuhi tunawaleta watoto, tunakaa kwa baraza ya hilo darasa, kwa saruji, nje ya mlango. Hedimasta alikuja akatuangalia, akakuna kichwa, akarudi ofisini. Hajatufukuza, maana baraza haina utepe. Kengele ya mapumziko ikilia, Mwalimu Jepkosgei anatoka mbio na chai yake mkononi, anafundisha hapo hapo mpaka kengele ilie tena. Chai inapoa bila kunywewa. Mvua ikija ya upepo tunalowa. Wiki iliyopita mama mmoja amechoka, ameacha kuja, amemfungia wake ndani tena. Hilo ndilo linaniogopesha. Mlango ukikaa hivi, watarudi mmoja mmoja walikotoka, na Precious atarudi nyuma ya mama yake mlangoni.

Sasa swali lako, narudi lini. Nitakujibu kwa kitu kimoja. Unajua nimesema Manu hasemi. Akitaka kitu hukushika kiganja, anaupeleka mkono wako, anauweka juu ya kile kitu. Akitaka maji anauweka kwa jagi. Akitaka uji, kwa sufuria. Na huwa anataka vitu hivyo tu, chakula na maji. Juzi tumekaa barazani, akasimama, akanishika mkono. Nikadhani ni kiu. Akanivuta mpaka mlangoni, akauinua mkono wangu, akauweka juu ya kufuli. Akaushikilia hapo. Akangoja.

Anafanya hivyo kila asubuhi sasa. Mtoto mnayesema haelewi kitu.

Kwa hivyo usiningoje kwa kupanda. Mwambie mtoto wa ndugu yako, yule mwenye ng'ombe wa jembe, akulimie kwanza shamba la juu, la chini lina maji. Mbegu ziko jikoni, kwa debe lenye kifuniko cha bluu, usile. Siku huo mlango ukifunguliwa, na akaingia, na nikaona amekaa, nitakuja bila kuitwa. Kabla ya hapo siwezi. Mkono wangu ameuweka mahali, na siwezi kuuondoa hapo nije kushika jembe.

Nisalimie mama wa jirani anayekuletea maziwa, mwambie Mungu anamwona na mimi pia namwona. Salimia katekista, na mtoto wake mwambie akipiga watu video awe anapiga zote. Salimia mjukuu wetu mkubwa aliye kidato cha tatu, asome. Salimia dada yako, yule anayesema mtoto alipewa jina la mtu aliyekufa na hasira, abadilishwe jina ndipo aongee. Mwambie jina halina shida, na kama ana nguvu za kusafiri aje akae nasi barazani, nafasi iko. Wachungaji na wazee wa kanisa waambie nashukuru kwa maombi, wasiombe abadilike. Waombee kufuli.

Na wakikuuliza Jumapili bibi yako yuko wapi, usiangalie chini. Waambie yuko Eldoret, amekalia mlango.

Kunywa dawa.

Ni mimi wako,
Mama Wekesa